Pengo la Kamanda

Jumatatu asubuhi maabara ya zahanati ile huwa haina hata mahali pa kuweka mguu. Homa zote za mwisho wa wiki zimekuja pamoja, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni, mzee mmoja analalamika amerukwa kwenye foleni, na katikati ya vurugu hiyo anasimama dada mwembamba mwenye koti la buluu, kalamu imemvujia mfukoni, anaita namba kwa sauti ya mtu asiyetaka mchezo.

Namba arobaini na tatu alikuwa mwanaume mzima wa miaka thelathini na minne, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari, na alikuwa anaogopa sindano. Tena haikuwa hofu ndogo. Alipokiona kile kichuma cha kutobolea aliurudisha mkono mfukoni kama anatafuta funguo.

Yule dada hakumcheka. Aliuvuta ule mkono taratibu, akaanza kumpangusa kidole kwa pamba yenye spiriti huku akiongea.

"Tajiri mmoja alikutwa amekufa jikoni kwake, mlango umefungwa kwa ndani. Mezani kuna kipande cha mkate, kimeng'atwa mara moja tu. Na tajiri mwenyewe mkate alikuwa hali. Mpelelezi akainama, akakiangalia kile kipande, akasema..."

Tayari. Damu ilishakuwa kwenye kioo na pamba ilishakuwa kidoleni.

"Halafu?" akauliza yule bwana.

"Namba arobaini na nne," dada akaita.

Saa moja baadaye bwana alirudi kuchukua majibu. Malaria hana. Hata hakuiangalia ile karatasi, aliuliza tena kilichosemwa na mpelelezi. Dada akacheka, akamwambia hadithi ni yake mwenyewe, anaitunga kwenye daftari, gazeti moja la kila wiki limekubali kuitoa kwa sehemu, ila mhariri hapokei mwandiko wa mkono na yeye kompyuta hana. Ya maabara ni ya majibu ya wagonjwa tu, ukionekana unaandikia mambo yako umekwisha.

"Mimi ni mchapaji," bwana akasema.

Najua utaniambia natia chumvi. Lakini alikuwa mchapaji kweli, mwenye duka la kuchapa na fotokopi mtaa wa pili kutoka hapo, kompyuta mbili, mashine moja inayokwama karatasi kila mchana. Wakaanza hivyo. Yeye akamwita dada Sindano. Dada akamwita Vidole, kwa sababu ya kile kimoja alichokitoboa na vile vyote kumi alivyochapia bila kuangalia.

Sindano alikuwa anaamka saa kumi na moja kasoro robo, kila siku, mwaka wa sita huo. Anakaa kwenye meza ya jikoni kwa dada yake, anaandika mpaka saa kumi na mbili na nusu, halafu anavaa koti la buluu na kwenda kutoboa watu. Dada yake alishachoka kumwambia apumzike. Sindano akasema mchana kutwa yuko na vichupa vya watu na hadubini ya watu, ile saa moja na robo tatu ndiyo mali yake peke yake hapa duniani, na humo ndani anataka mtu auawe, mtu apendwe, na mlango ugongwe mwishoni mwa kila sehemu. Alipenda hadithi za namna hiyo bila kuona haya. Wenzake walioandika mambo mazito aliwaheshimu, kisha akarudi kwa muuaji wake.

Vidole naye alikuwa na sheria moja kazini, imebandikwa ukutani juu ya kompyuta: CHAPA KAMA ILIVYO. Mteja akiandika upuuzi, unachapa upuuzi. Ukikuta neno huna uhakika nalo, unalichapa unavyolisoma na mbele yake unaweka alama ya kuuliza ndani ya mabano, ili mwenye kazi aamue. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuongeza hata nukta kwenye kazi ya mtu.

Kila Jumatano Sindano alileta daftari, kila Alhamisi Vidole alichapa hadithi na kuituma kwa mhariri kwa barua pepe. Katikati ya Jumatano na Alhamisi wakapendana. Walikula pamoja mchana, walipigiana simu zisizo na habari yoyote, mmoja anasema basi kwaheri, mwingine anasema tangulia wewe kukata, na hakuna anayekata.

Sasa hapo ndipo anapoingia Kamanda.

Kamanda ndiye yule mpelelezi. Mrefu, mabega haya hapa, sauti nzito, bunduki haimtishi. Mjane wa tajiri alikuwa anampenda, na kwa kweli wasomaji wa kike wote walikuwa wanampenda, walikuwa wanaandika kwa mhariri kumuulizia. Mwanzoni Vidole alichapa habari zake vizuri tu. Lakini ikawa wamekaa mahali, Vidole ameshika mkono wa mpenzi wake, anajiandaa kusema neno tamu alilolifikiria tangu asubuhi, Sindano anainua kidole. Subiri kidogo mpenzi, Kamanda ameniambia kitu. Daftari linatoka. Neno tamu linapoa kama chai.

Au kwenye simu. Vidole anapiga asubuhi mapema kumjulia hali, anajibiwa kwa kunong'ona kwamba sasa hivi yuko na Kamanda, atampigia baadaye.

Wewe ungefanyaje? Vidole alijua kabisa Kamanda ni wino. Alijiambia hivyo akinyoa ndevu, akajiambia hivyo akifungua duka. Wivu ukamkaba vilevile. Akaanza kukunja mikono ya shati kama Kamanda. Akaishusha sauti, Sindano akamuuliza kama mafua yamemrudia. Sehemu ya tano ilipoletwa, akakuta Kamanda amejeruhiwa, daktari anamletea sindano, na huyo shujaa asiyeogopa bunduki anageuza uso ukutani na kufumba macho. Vidole alifurahi siku nzima. Kumbe mwoga tu, akasema peke yake, na akaona Kamanda amepatikana.

Jumapili moja alialikwa nyumbani. Sindano alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mkanda mwembamba, viatu vya wazi, na manukato kidogo nyuma ya masikio, akawa mtu mwingine kabisa asiye na harufu ya spiriti. Vidole alimwangalia mpaka akasahau kumsalimia dada mkubwa. Mambo yalikwenda vizuri hadi Sindano alipotoka kwenda dukani, na dada mkubwa, mwanamke mwema asiye na kufuli mdomoni, akaleta faili alilotunzia vipande vyote vya gazeti.

"Huyu Kamanda," akasema akicheka, "si yule wa zamani huyu? Aliyekuwa amuoe mdogo wangu. Ona, hata kucheka ni kwake, kichwa nyuma na kupiga meza. Nilipoisoma ile ya kwanza nikasema haya, bado anamkumbuka."

Hana hili wala lile, akaenda kuangalia jikoni. Vidole alibaki na lile faili mapajani, masikio yanamuwaka moto. Kwa hiyo yuko mtu. Kwa hiyo kila asubuhi saa kumi na moja kasoro robo mpenzi wake anaamka gizani na kukaa na mwanaume aliyetaka kumuoa, halafu yeye, bwege, anawachapia. Sindano aliporudi alimkuta amenuna. Alimuuliza mara mbili ana nini, akajibiwa kichwa kinauma.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa sehemu ya tisa. Mjane wa tajiri analaza kichwa begani kwa Kamanda, dirisha liko wazi, mvua inanyesha. Sindano alikuwa ameandika: *Kamanda alitabasamu.* Basi, maneno mawili, nukta. Vidole aliyatazama yale maneno mawili huku wateja watatu wakisubiri fotokopi. Akayawazia meno meupe ya yule wa zamani. Akaondoa nukta, akaweka mkato, na vile vidole kumi vikaendelea vyenyewe: *pengo lake la juu kushoto likaonekana wazi, mate yakamruka kidogo.*

Moyo wake ukatulia kama mtu aliyekunywa maji. Akatuma.

Jamani, huyu ndiye aliyechapa sehemu ya pili kwa mikono yake. Na sehemu ya pili ndiyo Kamanda alipokipima kile kipande cha mkate na kusema kwamba muuaji ana pengo, juu, kushoto. Nchi nzima ya wasomaji ilikuwa wiki ya saba hiyo inatafuta pengo. Lakini wivu ukikaa kichwani hauachi nafasi ya kitu kingine.

Sindano kazi yake ikishatoka gazetini haisomi, anaona aibu. Aliipata habari Jumamosi, kazini, kutoka kwa mama mmoja mnene aliyekuwa amefungwa mpira mkononi na mshipa umeshatafutwa.

"Mwanangu, wewe husomi gazeti?" yule mama akamwambia. "Kamanda ndiye muuaji. Ana pengo. Mimi tangu mwanzo sikumwamini."

Sindano aliutoa mpira bila kuchukua damu.

Dukani kwa Vidole kulikuwa na foleni ya vijana wenye barua za kuomba kazi. Walimpisha, maana alikuja na koti la buluu mwilini na gazeti mkononi, na uso wake haukuwa wa kuchelewesha. Aliliweka gazeti juu ya kompyuta.

"Uligusa?"

"Maneno kumi," Vidole akasema. "Ni maneno kumi tu."

"Nimekuuliza uligusa au hukugusa."

"Niligusa." Halafu yakamtoka yote, mbele za watu, kwamba amechoka kumchapia yule wa zamani, kwamba dada yake amemwambia, kwamba hata Sindano angekuwa mahali pake asingevumilia. Sindano alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukana, hakueleza. Alisema ile saa moja na robo tatu ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu alikuwa amewahi kukiingilia bila kubisha hodi, na kwamba yeye alimpa ufunguo kwa sababu alidhani anajua kusoma kilichoandikwa ukutani kwake mwenyewe. Akakusanya madaftari yake manane. Akatoka.

Kijana mmoja kwenye foleni akasema kwa upole kwamba anaweza kurudi kesho.

Siku nne Vidole alipiga simu. Inaita, haipokelewi. Alituma ujumbe wa kuomba msamaha, akaufuta, akatuma mwingine, ukasomwa na kuachwa hivyo. Upande wa pili Sindano alikuwa na moto wake. Alimpigia mhariri kukiri kwamba yale maneno siyo ya kwake, yasahihishwe, na mhariri hakutaka kusikia. Gazeti limekwisha mitaani kabla ya saa nne, akasema, watu wanagombana kwenye mabenchi, lile pengo ndicho kitu bora kuliko vyote katika sehemu zote tisa, hata kama limeandikwa na paka. Sindano alikata simu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alikuwa ameumizwa, hilo lilikuwepo. Sasa juu yake likaongezeka jingine ambalo hakulitaka: alikuwa anamwonea Vidole wivu. Wivu wa kazi, ule mbaya.

Sehemu ya kumi aliipeleka kwa mchapaji mwingine, karibu na stendi. Ikatoka gazetini Kamanda anaitwa Komando mwanzo mpaka mwisho.

Vidole aliisoma hiyo ya Komando Jumamosi, ikamuuma kuliko alivyotegemea. Duka lilikuwa tupu. Chini ya kaunta alikuwa na magazeti yote, moja baada ya jingine, tangu la kwanza. Akayatoa, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaanza kusoma.

Mchapaji hasomi, jamani. Anachapa. Macho yanabeba neno yanalitua, yanarudi kubeba jingine. Sasa alikuwa anasoma kama mtu aliyenunua gazeti kwa hela yake, na hadithi ikamchukua. Sehemu ya kwanza Kamanda anacheka kichwa nyuma, anapiga meza, anawafokea mashahidi. Ya pili, vilevile. Alipofika ya tatu, iliyoandikwa wiki ya ile Jumatatu waliyokutana, mpishi wa tajiri anatoa ushahidi, anasita katikati, na Kamanda hafoki. Anainamisha kichwa kidogo. *Halafu?* anauliza, na anasubiri.

Vidole alifungua ya nne. *Halafu?* anasema Kamanda, akimwangalia mjane kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Mikono ya shati lake ina mstari wa pasi. Ya tano, sindano, uso ukutani. Ya sita, anasugua ncha ya kidole kwa dole gumba anapofikiri. Vidole akaangalia mikono yake. Alikuwa anasugua ncha ya kidole kwa dole gumba.

Yule wa zamani aliishia sehemu ya pili. Kuanzia pale, wiki saba, alikuwa yeye. Alijing'oa jino mwenyewe.

Aliinamisha uso kwenye magazeti akakaa hivyo mpaka mteja akagonga kaunta.

Jumatatu maabara ilifurika kama kawaida. Sindano aliita namba hamsini na tisa bila kuinua macho, na mkono uliowekwa mezani aliufahamu kabla ya mwenyewe kusema neno.

"Unaumwa nini?"

"Wivu," Vidole akasema.

Benchi la mbele likanyamaza kusikiliza vizuri.

"Hatupimi hicho hapa."

"Toboa tu."

Akamtoboa, bila pamba ya kubembeleza na bila hadithi. Jasho lilimtoka Vidole puani lakini mkono hakuurudisha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amesoma, kuanzia ya kwanza.

"Kamanda anaogopa sindano," akasema.

"Umejua leo?"

"Nilichapa mwenyewe. Sikusoma."

Sindano alikandamiza pamba kwenye kile kidole, akaishikilia muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Yule wa zamani hakuwa na wivu," akasema. "Alisema nichague, yeye au madaftari. Nilimuweka mule nipate kumfokea kila asubuhi. Halafu ukaja wewe ukauliza swali lako, nikasahau kumfokea. Na mimi nina langu. Mhariri anasema maneno yako kumi yanazidi yangu yote. Mwaka wa sita naamka gizani, wewe unakasirika dakika mbili unasifiwa. Nimekuchukia kwa hilo kuliko kwa lile jingine."

"Yafute."

"Siwezi kuyafuta. Ni mazuri." Ilimgharimu kusema hivyo, na Vidole aliona. "Nimeshayatafutia kazi. Lakini ukigusa tena hata mkato..."

"Kama ilivyo," Vidole akasema.

Mzee wa benchi la mbele akauliza kama na wao wataruhusiwa kuumwa leo. Sindano akaita namba sitini, na chini ya meza, bila mtu kuona, akampitishia daftari.

Alhamisi saa kumi jioni alikuja dukani kuhakiki, gauni la manjano, kalamu nyekundu mkononi. Hakusalimia sana. Alikaa kwenye benchi la wateja akasoma sehemu ya mwisho karatasi kwa karatasi, na Vidole akajifanya anatoa karatasi iliyokwama kwenye mashine ambayo siku hiyo haikuwa imekwama.

Kumbe Kamanda alikwenda kung'oa lile jino kwa hiari yake, ili macho yote yamgeukie yeye na muuaji ajione amepona. Na wakili wa tajiri, mpole yule, ambaye tangu sehemu ya kwanza alikuwa anaziba mdomo kwa leso, alipomwona Kamanda anafungwa pingu alifurahi mno, akacheka mdomo wazi mbele ya watu wote. Juu, kushoto.

Hakuna neno lililoongezwa. Hata pale Sindano alipokosea na kuandika "mlango" mara mbili, ilikuwa mara mbili. Akalikata moja kwa kalamu, akiona raha asiyotaka kuionyesha.

Akafika karatasi ya mwisho. Chini ya neno MWISHO alikuwa ameongeza mistari miwili kwenye daftari, kwa mwandiko mdogo, kazi ambayo haikuwa ya gazeti. Vidole alikuwa ameichapa pia. Sheria ni sheria. Karatasi ilisema:

*Halafu?*

*Halafu Sindano akaolewa na Vidole (?).*

"Mwandiko wangu hausomeki?" Sindano akauliza.

"Unasomeka." Vidole alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na ile karatasi ambayo haikukwama. Sauti ilimkwama yeye. "Neno nimelisoma vizuri. Sikuwa na uhakika nalo."

Sindano alifungua kalamu. Alikata bano la kwanza, akakata alama ya kuuliza, akakata bano la pili, taratibu, kama anavyosahihisha kazi ya mtu anayemlipa. Pembeni akaandika kwa wino mwekundu: *kama ilivyo.*

Akamrudishia karatasi achape upya.